Mjukuu wa Mfagiaji na Uwanja wa Masista



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tunaomba ruhusa ya kuandika juu ya mchezo ambao huku kwetu milimani wengi tunaujua kwa jina tu, nao ni tenisi. Atakayedhani kwamba paroko ameishiwa na mada na akumbuke kwamba Baba Mtakatifu Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, ni mchezaji wa tenisi wa ridhaa. Siku sita tu baada ya kuchaguliwa alimpokea mjini Vatican kijana Jannik Sinner wa Italia, ambaye wakati ule alikuwa wa kwanza kwa ubora duniani. Kijana akamzawadia raketi, naye Baba Mtakatifu akatania kwamba kwa kanzu yake nyeupe hata Wimbledon wangemruhusu kucheza, maana huko wachezaji hulazimika kuvaa nyeupe tupu. Kwa hiyo tuko salama.

Hata hivyo, anayetuvuta kuandika ni binti wa jirani zetu, Mkenya, Angella Okutoyi. Habari zake zimesimuliwa mno katika magazeti na redio, na karibu kila mara zinasimuliwa kama muujiza: binti maskini, yatima, ametoka pasipo kitu, leo anashangiliwa ulaya. Tunaomba kulipinga neno hilo "pasipo kitu". Tunalipinga kwa sababu linatufaa sana sisi watu wazima. Mtoto akifanikiwa kwa muujiza, basi sisi hatudaiwi chochote. Tunakaa kibarazani na kungoja Mungu atende.

Tuyatazame mambo yalivyokuwa. Angella alizaliwa Nairobi tarehe 29 Januari 2004, yeye na pacha wake. Mama yao alifariki katika uzazi huo. Aliyewalea ni bibi yao, na bibi huyo alikuwa akifanya kazi ya usafi katika shule ya Loreto Convent iliyopo Valley Road. Masista wa Loreto walifika Kenya kunako mwaka 1921, na miongoni mwa mabinti waliopita mikononi mwao ni hayati Wangari Maathai, aliyesoma Loreto Limuru na kupewa tuzo ya Nobeli ya amani mwaka 2004, mwaka uleule aliozaliwa Angella. Katika shule ile ya Valley Road kulikuwa na uwanja wa tenisi. Hapo ndipo mtoto huyu, akiwa na umri wa miaka minne, alipoanza kushika raketi, akiongozwa na mjomba wake aliyeujua mchezo.

Hebu tusimame hapo kidogo. Uwanja ule ulijengwa kwa ajili ya wanafunzi waliolipiwa karo. Mjukuu wa mfagiaji hakuwa na haki nao kwa hati yoyote. Kila mmoja wetu aliyewahi kuishi karibu na taasisi, iwe ya serikali au ya Kanisa, anafahamu jinsi mambo yanavyokwenda kwa kawaida: mtoto wa mfanyakazi akikanyaga nyasi, mlinzi anampigia filimbi. Pale hawakumfukuza. Hilo halikugharimu hata senti moja, na bila hilo yote yaliyofuata yasingefuata.

Kisha mjomba. Sisi wa Uluguru hatuhitaji kuelezwa mjomba ni nani. Kwa desturi za Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na neno la mjomba lina uzito katika shamba, katika posa na katika msiba. Siku hizi tunaona uzito huo ukibaki katika mahari na mirathi, lakini ukitoweka linapokuja suala la daftari na viatu vya mpira. Mjomba wa Angella alitoa kile alichokuwa nacho, yaani muda wake na ujuzi wake, jioni baada ya jioni, kwa mtoto ambaye hakuna aliyeweza kuahidi kwamba angefika popote.

Wakafuata wengine. Akiwa bado wa umri wa shule ya msingi alichukuliwa Bujumbura, Burundi, ambako Shirikisho la Tenisi Duniani lilikuwa na kituo cha kulea chipukizi wa Afrika Mashariki; machafuko ya mwaka 2015 yakamrudisha nyumbani. Chama cha tenisi cha Kenya kikaendelea naye, walimu wakaendelea naye. Januari 2022, huko Melbourne, Australia, akamshinda Federica Urgesi wa Italia kwa seti tatu na kuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika mashindano ya Grand Slam ya chipukizi. Akashinda na ya pili, akatolewa katika ya tatu. Julai ya mwaka uleule, Wimbledon, akicheza na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi katika mashindano ya wasichana wawili wawili, akatwaa kombe. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, na seti ya tatu, ambayo huamuliwa kwa pointi tupu, wakaishinda 11-9. Hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji la Grand Slam la aina yoyote kabla yake.

Waliofungwa katika fainali ile walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Jina hili la pili linatugusa, maana wazazi wa Mboko wametoka Kongo. Pointi mbili tu ndizo zilizowatenga mabinti hao siku ile. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2025, Mboko, akiwa na umri wa miaka 18, alitwaa mashindano makubwa ya wanawake ya Montreal kwa kumshinda katika fainali Naomi Osaka wa Japani, bingwa wa Grand Slam mara nne. Angella wakati huo alikuwa angali anapanda ngazi za chini. Je, tuseme mmoja alisali zaidi ya mwingine? Kwa kipaji walikuwa bega kwa bega. Kilichotofautiana ni ardhi waliyosimama juu yake: mmoja alikulia katika nchi ambayo chama cha tenisi kina viwanja, walimu, madaktari na fedha, na mashindano makubwa huletwa hadi mlangoni pake. Tulifundishwa seminarini, kwa mapokeo ya Mtakatifu Thomas wa Akwino, kwamba neema huja juu ya maumbile na kuyakamilisha, haiyaruki. Nasi tungethubutu kusema kwamba miongoni mwa maumbile hayo zimo nauli na viza.

Pengine wasomaji wetu hawafahamu namna mchezaji wa kulipwa anavyoanza katika tenisi. Hakuna klabu inayomlipa mshahara kama ilivyo katika kandanda. Anajilipia usafiri, anajilipia chumba, anajilipia hata nyuzi za raketi, na mwalimu akimfuata anamlipia na yeye. Ngazi ya chini kabisa ya mashindano ya wanawake ina zawadi za jumla ya dola 15,000, fedha inayogawanywa kwa wachezaji wote wa juma zima. Anayetolewa katika raundi ya kwanza huondoka na kiasi kisichofika dola 200. Hata bingwa hupata dola elfu mbili na ushei. Mashindano ya namna hiyo kwa miaka mingi yamekuwa yakifanyika juma kwa juma huko Monastir, Tunisia, na Antalya, Uturuki. Anayeishi Ulaya anafika kwa ndege ya saa chache. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam, nauli yake peke yake inaweza kuzidi zawadi ya bingwa.

Na nafasi katika orodha ya ubora wa dunia haipatikani isipokuwa kwa pointi za huko. Machi 2024 Angella alikwenda Accra, Ghana, kwenye Michezo ya Afrika, akatwaa medali ya dhahabu kwa kumshinda Mmisri katika fainali. Bingwa wa Afrika! Ushindi huo ulimfungulia mlango wa Olimpiki ya Paris, lakini kwa sharti kwamba ifikapo Juni awe ndani ya wachezaji 400 bora duniani. Hakufikia nafasi hiyo. Paris ikapita bila yeye. Wapo waliosema kwamba binti amelegea. Sisi tunaona kwamba pointi hununuliwa kwa nauli, na miezi mitatu haitoshi kumnunulia mtu nauli za miaka.

Tukirudi nyuma katika historia, jambo hili si geni. Mwaka 1971 Mmarekani Arthur Ashe alipita Yaoundé, Kameruni, akamwona mtoto wa miaka 11 akicheza. Hakuwa na sababu ya kushughulika naye. Alikuwa mgeni apitaye njia. Akawaarifu wakuu wa tenisi wa Ufaransa, mtoto akachukuliwa kwenda kulelewa Nice, na mwaka 1983 mtoto huyo, Yannick Noah, akatwaa ubingwa wa Ufaransa. Mtu mzima mmoja alifungua mdomo. Hiyo ndiyo kazi yote aliyoifanya.

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba hatari pekee ni kumnyima mtoto. Ipo hatari ya pili, na kama mchungaji tunaiogopa zaidi, nayo ni kumla.

Mwaka 1990 Jennifer Capriati wa Marekani aliingizwa katika tenisi ya kulipwa akiwa hajatimiza miaka 14. Mwaka uleule alifika nusu fainali ya mashindano ya Ufaransa, makampuni yakamjia na mikataba, na familia nzima ikayazungusha maisha yake kumzunguka yeye. Mwaka 1992 akapata dhahabu ya Olimpiki huko Barcelona. Mwaka uliofuata aliacha mchezo, akiwa na umri wa miaka 17, amechoka na maisha, akapita katika giza ambalo si la kusimuliwa hapa. Kwa neema ya Mungu alirudi, na mwaka 2001 akawa bingwa wa Australia na wa Ufaransa. Lakini wakuu wa tenisi ya wanawake walikuwa wameshtuka. Katikati ya miaka ya 1990 waliweka kanuni za kuhesabu mashindano ambayo msichana chini ya miaka 18 anaruhusiwa kuyacheza kwa mwaka. Fikirini wenyewe: ilibidi itungwe sheria ya kuwalinda watoto dhidi ya haraka ya watu wanaowapenda.

Sisi wa Mkuyuni, Kinole na Matombo tunaijua haraka hiyo kwa sura nyingine. Anakuja mfanyabiashara, mchungwa uko katika maua, anatoa fedha taslimu, na mwenye shamba aliyebanwa na shida anauza mavuno ambayo hata hayajawa matunda. Siku ya kuchuma anasimama pembeni akitazama gunia zikipakiwa. Mkarafuu nao unahitaji miaka sita, saba, hata nane kabla haujaanza kutoa; hakuna mkulima wa hapa ambaye angeukata katika mwaka wa tatu kwa kuwa ameona haujaleta kitu. Lakini kwa watoto tunafanya hivyo. Msichana anamaliza darasa la saba, ana mbio kama paa, amechaguliwa UMITASHUMTA hadi ngazi ya wilaya, na Januari inapofika yuko jijini Dar es Salaam, katika nyumba ya watu, anafua na kubembeleza mtoto asiye wake, ili kila mwezi itumwe nyumbani fedha kidogo. Hatuwahukumu wazazi wenye njaa. Tunajua bei ya unga. Tunachosema ni kwamba hayo nayo ni mauzo ya maua, na wakati mwingine wanaouza hawana njaa hata kidogo.

Ndiyo sababu, katika habari zote za Angella, inayotufurahisha kuliko kombe la Wimbledon ni ile iliyoandikwa kwa herufi ndogo. Baada ya kombe hilo, alipokuwa na jina na kila mtu akitaka kumwona akikimbilia fedha, alikwenda shule. Mwaka 2023 alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, Marekani, asome na kukichezea chuo. Wapo mashabiki waliolalamika kwamba anapoteza wakati. Sisi tunaona kwamba hapo walikuwepo watu wazima waliokubali kungoja. Hata Paul Wekesa, Mkenya aliyefikia nafasi ya 100 duniani mwaka 1995, alipitia chuo huko Marekani kabla ya kucheza kwa kulipwa. Bega likivunjika, goti likikataa, binti atabaki na kitu mkononi. Na hata visipovunjika atakuwa mtu mzima mwenye akili yake mwenyewe mbele ya wale watakaomletea karatasi za kusaini.

Kuna jambo la pacha, nalo hatutalipita. Mapacha wawili, tumbo moja, bibi mmoja, uwanja mmoja, wote wawili walicheza tenisi. Dunia inalijua jina la mmoja. Tunapoisoma Injili ya Mathayo, sura ya 25, mfano wa talanta, mara nyingi tunakimbilia kwa yule mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini, tunamkemea, tunamaliza mahubiri. Someni tena polepole. Aliyeleta tano na aliyeleta mbili walipokea sifa zilezile, neno kwa neno. Bwana hakuongeza hata sifa moja kwa yule wa tano. Mzazi mwenye watoto wawili, mmoja akiwa anaimbwa redioni, ana kazi ngumu kuliko mwalimu wa tenisi: kumfanya yule mwingine asijione kuwa ni salio. Wazazi wengi wa parokia hii wanajua tunachokisema, maana hata matokeo ya darasa la saba hutenganisha ndugu namna hiyo.

Tunafahamu majibu yatakayotujia. La kwanza: michezo ni anasa, tuhimize sala. Mwenye jibu hilo tunamwomba akumbuke kwamba mwaka 2018 Vatican ilitoa hati nzima kuhusu michezo na utu wa mwanadamu, na kwamba Mtakatifu Yohane Paulo II alifanya Yubilei ya wanamichezo mwaka 2000 ndani ya uwanja wa mpira wa Roma. Mtakatifu Paulo mwenyewe, akiwaandikia Wakorintho, hakuona haya kutumia mfano wa mkimbiaji na mpiganaji wa ngumi. Jibu la pili ni zito zaidi: mazoezi yanawekwa Jumapili asubuhi na watoto wanakosa Misa. Hilo kweli linatukera, na tumelisema kwa walimu wa timu. Lakini dawa yake ni kuweka mazoezi Jumapili saa kumi, kwa maana saa tatu asubuhi uwanja unaweza kungoja. La tatu: parokia haina fedha. Tumeona katika Parokia hii kamati ya harusi ikikusanya mamilioni kwa majuma sita, na tukashukuru Mungu kwa umoja ule. Hatusemi tena.

Tenisi hatutaileta Mkuyuni, na hatumwoti ndoto Okutoyi wa Uluguru. Viwanja vya tenisi katika nchi yetu viko mijini, vingi vikiwa katika klabu za gymkhana tangu enzi za ukoloni, na raketi moja nzuri inazidi mavuno ya ndizi ya mwezi. Tulichonacho ni kile kiwanja nyuma ya ukumbi wa parokia, chenye nguzo za netiboli na magoli mawili, ambacho tangu uzio ulipowekwa hufunguliwa kwa sherehe na semina tu. Uzio ulikuwa na sababu yake, yaani mbuzi. Watoto walijumuishwa na mbuzi pasipo mtu kukusudia.

Katika kikao cha Halmashauri ya Walei cha mwezi huu tumeomba jambo hili lijadiliwe kabla ya suala la rangi ya kanisa. VIWAWA wamekubali kutoa vijana wawili wa kusimamia kwa zamu. WAWATA wameuliza ni nani atakayehakikisha wasichana nao wanapata siku zao, wasisukumwe pembeni na wavulana wa kandanda. Ni swali la haki, na tumependekeza Jumanne na Alhamisi ziwe za netiboli tu. Watoto wasio wetu kwa dini waingie pia, kama mjukuu wa mfagiaji alivyoingia bila kuulizwa karo.

Kuanzia Jumatatu ijayo ufunguo wa geti utakuwa kwa katekista, si ofisini kwa paroko. Uwanja utafunguliwa saa kumi jioni, baada ya masomo, hadi kengele ya Malaika wa Bwana. Mpira wa netiboli tunao mmoja, na nyavu za magoli bado.

Wenu katika Kristo,
Paroko